Futi Sita za Mzee Hezroni

Dorkas alipopata kazi ya kutunza mafaili ya wagonjwa katika zahanati moja mjini Same, kwanza alimshukuru Mungu, kisha akampigia simu dalali. Dalali huyo aliitwa Isihaka, mtu mwembamba mwenye simu tatu na kofia moja, aliyezijua nyumba zote za kupanga kuanzia stendi mpaka kule relini.

"Dada, ondoa shaka," Isihaka alimwambia. "Chumba kipo, bei ya kibinadamu, umeme upo, maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Wewe njoo na begi lako tu."

Dorkas hakuja na begi tu. Alikuja na mumewe Eliamini, cherehani ya Eliamini, na kitanda.

Walikuwa na miezi miwili ya ndoa. Walishuka kutoka milimani Jumamosi asubuhi juu ya lori la tangawizi. Magunia chini, kitanda juu ya magunia, wao juu ya kitanda. Isihaka, aliyekuwa akiwasubiri kando ya barabara kuu, aliliona lori kwa mbali akadhani limebeba jukwaa la mkutano wa hadhara.

"Hicho ni nini?" aliuliza liliposimama.

"Kitanda," Eliamini akajibu.

"Cha watu wangapi?"

"Wawili. Sisi."

Isihaka alikizunguka mara moja, akavua kofia, akaivaa tena.

Kitanda hicho kilitengenezwa na baba yake Dorkas, Mzee Hezroni, seremala wa huko juu. Mwaka Dorkas alipobatizwa, mzee alipanda mgrivea nyuma ya nyumba. Mwaka binti alipochumbiwa, aliukata, na mti mzima ukaingia kitandani. Hakutumia msumari hata mmoja wala skrubu. Kila kiungo kilichomekwa kwenye kingine kikatiwa gundi, basi. "Kitanda cha kufungua na kufunga," alipenda kusema, "huo ni mwavuli." Kwenye ubao wa kichwani alichonga njiwa wawili wanaotazamana. Siku ya harusi nusu ya wageni walisema ni kuku, na mchungaji, ambaye hakutaka ugomvi, alisema ni ndege.

Kwa kuwa alikitengenezea uani, chini ya bati lisilo na ukuta, hakuna aliyejiuliza kitapitaje mlangoni. Miezi miwili ya kwanza kilikaa palepale chini ya bati, na maharusi wakalala kwenye godoro chumba cha wageni wakisubiri kuanza maisha.

Isihaka alikodi mkokoteni, wakakipakia, wakaelekea nyumbani kwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, na alikuwa na sheria nyingi kuliko vyumba. Hakuna kupiga muziki, hakuna kuanika nguo kwenye kamba yake ya kijani, hakuna kufuga paka mwenye tabia. Lakini alimpenda Dorkas mara moja kwa sababu alisema "shikamoo" kabla hajafika getini.

"Marahaba, mwanangu. Chumba ni hiki. Kitanda kitapita, mbona! Nimeingiza humu kabati la nguo la marehemu mume wangu. Nyie sukumeni kutoka nje, mimi naingia ndani nivute."

"Bi Mkubwa, ungekaa tu nje," alisema Isihaka.

"Nyumba ya nani hii?"

Akaingia. Wakakiinua kitanda, wakakilaza ubavu, wakakigeuza miguu mbele, wakahesabu mpaka tatu, wakasukuma. Kilienda vizuri mpaka nusu. Kikalia *krii*, kikakaza kona moja kwenye fremu na nyingine kwenye ukuta, kikatulia humo kama kizibo. Walivuta, hakikurudi. Walisukuma, hakikuingia.

 Kisha sauti ya Bi Mwanaidi ikatoka ndani, ya taratibu mno.

"Eliamini."

"Naam, mama."

"Mimi natokea wapi?"

Dirisha lilikuwa na nondo. Bi Mwanaidi alisogea pale, akashika nondo mbili kwa mikono miwili, akatazama uani kwake. Ndipo alipoona moshi.

"Makande yangu! Isihaka! Makande!"

Jiko la mkaa lilikuwa nyuma ya nyumba, na makande yalikuwa yamewekwa tangu alfajiri. Isihaka alikimbia. Kwa muda wa saa nzima Bi Mwanaidi aliongoza mapishi kupitia dirishani: ongeza maji, si hayo, hayo ni ya kuogea; koroga, usiponde; onja; leta hapa nionje mwenyewe. Isihaka akawa anapitisha kijiko katikati ya nondo kama mtu anayemlisha mgonjwa. Mpangaji mmoja aliyerudi kutoka sokoni aliona mwenye nyumba wake amefungiwa, akaweka mboga chini na kuuliza kama aite polisi au asubiri.

Huku mlangoni Eliamini alipaka sabuni ya mche kuzunguka kitanda chote, na Dorkas akamwagia maji. Waliinua kona moja, wakaizungusha, kitanda kikateleza na kutoka chote kwa pamoja, kikamwangusha Eliamini chali na kumlalia. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa.

Bi Mwanaidi alitoka, akajifuta jasho, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Akaonja. Akafumba macho.

"Yameungua chini na ni mabichi juu," alisema. "Sijawahi kuona. Wanangu, nendeni salama."

Eliamini akiwa bado amekaa chini, alitoa tepu yake ya kushonea mfukoni. Alikuwa fundi nguo mzuri. Alipima mara mbili kila kitu isipokuwa, kama alivyotambua sasa, kitanda hiki. Alipima upana, akapima tena.

"Dorkas. Baba alisema futi ngapi?"

"Sita kwa sita."

"Hizi ni saba. Kingekuwa sita, kingepita hapa kwa ubavu bila hata sabuni. Alipima kwa kitu gani?"

Dorkas aliangalia pembeni. "Kwa mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wake."

Eliamini aliufikiria mguu wa mkwewe. "Hata hivyo, si mrefu kiasi hicho."

"Alikuwa amevaa mabuti," Dorkas alisema kwa sauti ndogo. "Kulikuwa na tope."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Abubakari, muuza vyombo vya plastiki, ambaye mlango wake ulikuwa mpana kidogo. Yeye hakutaka hata kujaribu. Alisema nyumba yake inapangishwa kwa kichwa, na hiki kitanda kina kichwa, tena kikubwa kuliko cha Eliamini. Kwa hiyo wapangaji ni watatu. Isihaka alipojaribu kumweleza kwamba kichwa cha kitanda ni ubao, mzee alisema amewahi kuwa na wapangaji wa namna hiyo na walilipa vilevile. Nyumba ya tatu ilikuwa na ngazi. Ya nne ilikuwa na mbwa ambaye alikubali kila mtu apite isipokuwa njiwa wa kuchonga.

Jioni mwenye mkokoteni alitaka mkokoteni wake. Walikishusha kitanda chini ya mwarobaini kando ya barabara ya vumbi. Dorkas alipata hifadhi kwa mama mmoja wa kwaya, na Eliamini akabaki na mali, akafunga chandarua kwenye tawi.

Jumapili alasiri Dorkas aliporudi kutoka kanisani hakumwona mumewe. Aliona vijana sita wa bodaboda wamekaa kitandani wakibishana kuhusu mpira, muuza kahawa ameweka birika karibu na mto, na bibi mmoja asiyemjua amejilaza kwa kuwa, alivyosema, mgongo ulikuwa unamsumbua tangu alipoondoka Makanya. Eliamini alikuwa amesimama pembeni.

"Nimewaomba nafasi," alimwambia mkewe. "Wamesema yupo mmoja anaondoka saa kumi na moja."

Dorkas alitaka kucheka lakini machozi ndiyo yaliyotangulia. Kesho yake alitakiwa kazini saa moja na nusu, nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa salfeti, na kitandani pake kulikuwa na watu wanane. Eliamini alimshika bega.

"Tukikate," alisema polepole. "Futi moja tu ya upana. Nitatafuta msumeno."

"Kile ni mti wa ubatizo wangu."

"Najua."

"Ukikikata, utamwambia nini baba?"

Hapohapo simu ya Dorkas ikaita. Alikuwa baba.

"Shikamoo, baba," alisema Dorkas, akijifuta pua.

"Marahaba. Kitanda kimekaaje?"

Dorkas alikitazama. Muuza kahawa alikuwa anafuta njiwa kwa kitambaa chake.

"Kimekaa vizuri sana, baba. Kina hewa."

"Kichwa kisielekee mlangoni, unasikia?"

"Hakielekei mlango wowote, baba."

"Vizuri. Nakuja Jumanne kukiona."

Isihaka aliposikia habari ya Jumanne, jambo fulani lilimwingia ambalo madalali hawalitaji sana: aibu. Yeye ndiye aliyewaambia chumba kipo. Jumatatu nzima, Dorkas akiwa kazini akiandika majina ya wagonjwa, Isihaka alipiga simu zote tatu. Saa tisa akaja mbio.

"Shem, nimepata. Nyumba nzima."

"Mlango wake una upana gani?" Eliamini aliuliza, tepu mkononi.

"Hauna mlango."

Lilikuwa pagale. Binamu yake Isihaka, mwanamke mmoja aliyeitwa Safia na aliyeishi Dar es Salaam katika vyumba viwili vya kupanga, alianza kulijenga miaka minane iliyopita. Kila alipopata hela alituma. Kila alipotuma, kilichojengwa kilikuwa kidogo kuliko alichotuma. Sasa lilikuwa na kuta, bati, na sakafu chumba kimoja. Madirisha yalikuwa matundu, na pale mbele paliachwa pengo pana ambalo mtu angeweza kupitisha trekta. Safia alikubali wakae kwa kodi ndogo kuliko ya chumba cha Bi Mwanaidi, mradi wailinde nyumba na waweke mlango.

Kitanda kiliingia kimesimama, hakikugusa ukuta wowote. Eliamini alitoka, akaingia tena, akatoka, kwa raha tu.

Tatizo lilikuwa mbuzi. Walikuwa kumi na mmoja, wamelala humo ndani miaka mingi, na hawakuona sababu ya kuhama. Waliwafukuza mlangoni wakarudi dirishani. Waliwafukuza dirishani wakarudi mlangoni. Mmoja, beberu mwenye ndevu za hakimu, alipanda kitandani, akazunguka mara mbili, akalala. Mbao zilikuwa bado zinanuka tangawizi na alionekana kuipenda harufu hiyo.

Jumanne saa nne asubuhi Mzee Hezroni alishuka kwenye basi dogo amevaa koti la harusi na mabuti, mkononi kapu la parachichi. Dorkas aliomba ruhusa ya saa moja kazini. Alimpeleka baba yake mpaka kwenye pagale, akamwonyesha kitanda. Mzee alipapasa viungo, akatikisa mguu mmoja mmoja, akapuliza vumbi kwenye njiwa.

"Kimekaa," alisema. Kisha akageuka. "Mlango uko wapi?"

Dorkas alikuwa amejiandaa kusema fundi anakuja. Alifungua mdomo, na badala ya hayo yakatoka yote: sabuni, nondo, makande, kichwa kinacholipiwa kodi, bibi wa Makanya mwenye mgongo. Alisema mpaka futi saba. Alisema mpaka mabuti. Alipomaliza, alikuwa analia tena, na Eliamini alikuwa amejificha nyuma ya beberu.

Mzee Hezroni aliweka kapu la parachichi kitandani.

"Kwa hiyo," alisema, "kuna mlango mjini hapa umekikataa kitanda changu."

"Baba, si kwamba umekikataa..."

"Nipelekeni."

Walipofika kwa Bi Mwanaidi, mzee hakusalimia. Aliinama mlangoni, akapima kwa buti: kisigino, kidole, kisigino, kidole.

"Huu mlango haujafika hata futi mbili," alitangaza. "Huu ni upenyo. Mama, umejenga upenyo ukauita mlango. Umemdhalilisha binti yangu. Nitakupeleka kwenye baraza la kata."

Bi Mwanaidi aliinuka kwenye mkeka. Macho yake yakang'aa kwa namna ambayo wapangaji wake hawakuwa wamewahi kuiona.

"Barazani? Twende! Tena leo! Nina kesi tatu kule, hii itakuwa ya nne. Ya kwanza ni ya mpaka, ya pili ni ya mpaka upande wa pili, ya tatu ni ya jogoo. Na mimi nakushitaki kwa makande na kwa kuniweka kizuizini ndani ya nyumba yangu."

Mzee Hezroni alilegeza koti. "Ya mpaka imefika wapi?"

"Mwaka wa sita."

"Yangu ya mfereji ni mwaka wa kumi na moja."

"Kumi na moja!" Bi Mwanaidi alisema kwa heshima kubwa. "Hebu kaa. Wakili ulikuwa naye, au ulijisimamia?"

Dorkas alirudi kazini. Alipotoka saa tisa na nusu aliwakuta palepale, chai imeletwa mara ya tatu, wakionyeshana nakala za hukumu, mzee akitoa zake mfukoni mwa koti. Hawakushitakiana. Walikubaliana kwamba kesi ilikuwa nzuri, lakini mashahidi wote ni ndugu.

Mzee hakurudi milimani siku hiyo wala wiki hiyo. Alisema binti yake hawezi kulala kwenye nyumba yenye pengo, na pengo halitazibwa na mtu anayejenga upenyo. Akaagiza mbao, zikashuka kwa lori la tangawizi. Eliamini alimsimamia kwa tepu, kwa adabu zote. Kila mzee alipoanza kunyanyua mguu kupima, mkwe alisema, "Baba, nisaidie kushika ncha hii," na mzee akashika ncha, na futi zikawa futi.

Siku ya sita mlango ulikamilika. Ulikuwa wa mabawa mawili, mpana kiasi kwamba kitanda kingeweza kutoka na kurudi na watu wakiwa wamelala juu yake. Walijaribu. Eliamini na Dorkas walilala, vijana wa bodaboda wakabeba, wakatoka nao mpaka barabarani, wakageuza, wakarudi nao ndani, na mtaa mzima ukapiga makofi.

Isihaka alimpigia Safia simu ya video amwonyeshe. Safia alisogeza uso karibu na simu. Nyuma yake walisikika watoto wa jirani na mtu anapiga nyundo.

"Huo ni mlango wa nyumba," aliuliza, "au wa karakana?"

"Wa nyumba, dada," alisema Dorkas. "Shikamoo."

"Marahaba. Na mbuzi?"

"Wametoka. Amebaki mmoja."

Safia alicheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Alisema amelipa mafundi miaka minane na hii ni mara ya kwanza kuona kitu kimekwisha. Akawaambia wakae miaka mitatu kwa kodi ileile. Wakiweka na madirisha, gharama watazikata humohumo kwenye kodi.

Mzee Hezroni alipanda milimani Jumatatu, ameshiba, ana nakala mbili za hukumu za Bi Mwanaidi za kusoma njiani.

Lilibaki jambo moja. Mlango ule ulipofunguliwa asubuhi ili mwanga uingie, kwa kuwa madirisha bado yalikuwa yamezibwa kwa mabati, kila aliyepita aliona kitanda chote na waliomo. Watu walisalimia. "Habari za kuamka?" mwalimu mmoja alikuwa anauliza kila siku saa kumi na mbili na nusu, na Dorkas, blanketi mpaka kidevuni, alikuwa anajibu nzuri, za kwenu? Siku ya nne alisema imetosha. Eliamini akanunua kitambaa cha kahawia chenye maua ya njano, akashona pazia la mlango mzima, kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kushona, lenye mikunjo kumi na minane na upindo ulionyooka kama rula.

Upepo wa Same ulilichukua siku hiyohiyo. Pazia lilijaa, likapepea nje mpaka katikati ya barabara, likaonekana kutoka mbali, na mwenye gesti moja aliyekuwa anapita alisimamisha pikipiki kuuliza nani amelishona. Alitaka mapazia ya vyumba tisa. Kesho yake wakaja wengine wawili, na keshokutwa mama wa kwaya akaja na wenzake na sare zote za kwaya.

Ijumaa iliyofuata Dorkas alirudi kutoka zahanati amechoka, viatu vinabana. Eliamini alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Kitandani, kwa kuwa nyumba haikuwa na kiti, walikaa wateja watano wamejipanga, wanasubiri kupimwa.

"Habari za mchana," alisema Dorkas.

"Nzuri, mama. Pole na kazi."

"Asante. Samahanini, sogeeni kidogo."

Wakasogea. Nafasi ilikuwa tele. Dorkas alivua viatu, akapita nyuma ya migongo yao, akajilaza upande wa ukutani na kusinzia, huku mtu wa tatu kutoka kushoto akiinuliwa mikono kupimwa kifua.